Windows 10 imekwisha muda: namna ya kuhamisha ofisi bila kusimamisha kazi

Mwongozo huu ni wa yule ambaye printa ikigoma ofisini anaitwa yeye. Huenda wewe ni mhasibu, karani wa zahanati, mwalimu wa zamu au mwenye duka la steshenari. Hukusomea kompyuta, lakini hizo tano au kumi na tano zilizopo ziko mikononi mwako. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, na siku hiyohiyo ikaacha kuzihudumia Office 2016 na Office 2019. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo, na ndiyo maana ofisi nyingi bado hazijashughulika.

Kwa nini usiache mambo kama yalivyo

Kila mwezi Microsoft hutangaza mianya ya usalama iliyozibwa kwenye Windows 11. Mingi kati ya hiyo imo pia ndani ya Windows 10, kwa kuwa mifumo hii imejengwa juu ya msingi mmoja. Mhalifu akisoma tangazo la kiraka, anajua pa kupiga kwenye mashine isiyopata kiraka. Tulishaliona hilo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga faili za watu duniani kote na hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha mwanya ule kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukisakinisha, pamoja na wale wenye Windows za zamani zilizokuwa zimeshaachwa.

Kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kompyuta ya mapokezi yenye majina, simu na vipimo vya wagonjwa ni shida kuitetea ikiwa haijapata kiraka kwa mwaka mzima.

Hata hivyo usikurupuke. Kinachosimamisha ofisi wakati wa kuhama ni vitu vinavyoitegemea Windows zaidi kuliko Windows yenyewe, na huko ndiko tutakokaa zaidi.

> TAREHE ZA KUBANDIKA UKUTANI
> - Windows 10, Office 2016, Office 2019: 14 Oktoba 2025
> - Office 2021: 13 Oktoba 2026
> - Windows 11 toleo la 24H2 (Home na Pro): 13 Oktoba 2026
> - Windows 11 toleo la 25H2 (Home na Pro): 12 Oktoba 2027
> - Office 2024: 9 Oktoba 2029

Angalia mistari ya 24H2 na 25H2. Windows 11 hupata toleo jipya kila mwaka, na kila toleo la Home na Pro huhudumiwa kwa miezi 24 tu. Kwa hiyo jibu la "sisi tuna Windows 11" halitoshi. Ni toleo lipi?

Anza na kinachoingiza pesa

Chukua karatasi kabla ya kugusa mashine yoyote. Andika kila programu na kila kifaa ambacho kikigoma asubuhi, wateja wanapanga foleni au mishahara haitoki: programu ya hesabu kama Tally au QuickBooks, mashine ya EFD kama uko Tanzania, mfumo wa eTIMS kama uko Kenya, printa ya stakabadhi, mizani, skana, mashine ya alama za vidole, kifunguo cha USB cha programu yenye leseni. Kwa kila kimoja, mpigie aliyekuuzia umuulize mambo manne:

1. Toleo nililonalo linafanya kazi kwenye Windows 11, au nahitaji jipya?
2. Draiva yake ya biti 64 ipo? Naomba faili au kiungo.
3. Leseni yangu inahamaje? Kuna namba niliyopaswa kuitunza?
4. Data zake zinakaa folda gani?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Windows 11 haina toleo la biti 32. Programu za biti 32 zitaendelea kufanya kazi, lakini draiva za biti 32 hazifanyi, na programu za kale za biti 16 hazifunguki kabisa. Kama kompyuta ya kaunta ni ya Windows 10 ya biti 32, jambo ambalo bado lipo kwenye mashine zenye RAM ndogo, haitapanda kwenda Windows 11 juu kwa juu. Itabidi usakinishe upya, na draiva zote zitafutwe upya.

Kitu kidogo kinachosumbua kupita vyote ni ule waya unaobadilisha USB kuwa tundu la zamani la pini tisa, unaounganisha kompyuta na printa ya risiti au mizani. Nyaya nyingi za bei nafuu zina chipu ya Prolific ya kizazi cha zamani, nyingine za kuigiza. Kwenye Windows 11 waya huo unaweza kuonekana kwenye orodha ya vifaa ukiwa na alama ya njano, na pembeni ujumbe kwamba PL2303HXA imeondolewa tangu 2012, uwasiliane na aliyekuuzia. Usipoteze siku ukiitafutia draiva. Nunua waya mwingine wenye chipu mpya, na uwe nao mkononi kabla ya siku ya kuhama.

Usizisahau faili za Excel zenye makro. Ile fomu ya mishahara aliyoitengeneza mtu aliyekwisha kuondoka ni programu muhimu kama Tally, ila haina wa kupigiwa simu. Office za sasa husakinishwa za biti 64 usipochagua vingine, na makro za zamani zinazoita vitu vya ndani ya Windows hugoma hapo. Office 2024 pia imezima ActiveX, kwa hiyo vitufe vya kubofya ndani ya faili la zamani vinaweza kuwa mapambo tu. Zijaribu mapema.

Pima kila mashine

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri, gonga Enter. Amri tatu zinatosha:

1. `winver` hukuonyesha toleo la Windows.
2. `msinfo32` hukuonyesha prosesa, ukubwa wa RAM, na mistari miwili ya kunakili: BIOS Mode na Secure Boot State.
3. `tpm.msc` hukuonyesha kama kuna chipu ya usalama ya TPM. Unachotaka ni 2.0.

Windows 11 inadai TPM 2.0, uwezo wa Secure Boot, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7. Kwa AMD ni Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000, ingawa si zote, na za baada yake. GB 4 ni za kufaulia mtihani tu. Kwa kazi ya ofisi yenye kivinjari cha kurasa kumi, weka GB 8 na diski ya SSD, au wafanyakazi watakuchukia.

`tpm.msc` ikisema haijaona chipu, usiitupe mashine. Mara nyingi chipu ipo ila imezimwa kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), ambako huitwa PTT kwenye Intel na fTPM kwenye AMD.

Kama BIOS Mode inasoma Legacy, diski inahitaji kubadilishwa mpangilio kwanza. Ukishaweka bakapu, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikikubali, rudia amri kwa neno `/convert` badala ya `/validate`, kisha ndipo uingie BIOS kuweka UEFI. Watu hugeuza utaratibu huu: wanaanza na BIOS, mashine haiwaki, wanadhani diski imekufa. Ikikutokea, rudisha Legacy na uanze kwa mpangilio sahihi.

> TAHADHARI
> Kabla ya kubadilisha chochote kwenye BIOS au kuisasisha, hakikisha diski haijafungwa kwa BitLocker, au una ufunguo wake kwenye karatasi. Maelezo yako chini.

Zipo mbinu za kuisakinisha Windows 11 kwenye mashine isiyofaa, na fundi yeyote wa mjini anazijua. Nyumbani fanya upendavyo. Kwa ofisi sishauri: Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine hizo, na toleo jipya la mwaka halitaingia lenyewe. Utajikuta mwaka kesho umerudi palepale.

> UKINUNUA KOMPYUTA ILIYOTUMIKA
> Mashine nyingi za bei ya kutupa sasa, Kariakoo au Luthuli Avenue, ni zile ambazo wenye nazo wameziacha kwa kuwa hazikubali Windows 11. Soma namba ya prosesa, usisome stika: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Dell OptiPlex 7050 haifai, 7060 inafaa. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. G5 kwa kawaida ni cha 8, lakini zipo G5 zenye kizazi cha 7, kwa hiyo iwashwe mbele yako na `msinfo32` ifunguliwe kabla ya kulipa.

Leseni: swali la dakika moja

Kompyuta yenye Windows 10 halali inapanda kwenda Windows 11 bila malipo, Home kwa Home na Pro kwa Pro. Shida ni kujua kama ni halali, maana kompyuta nyingi za mitumba huuzwa zikiwa "zimeamshwa" kwa namna isiyodumu. Bonyeza Windows na R, andika `slmgr /xpr`. Kijidirisha kitatokea. Kikisema imeamshwa kwa kudumu, ni dalili nzuri. Kikitaja tarehe ya kuisha, ile ni leseni ya aina ya KMS, inayotolewa na seva ya shirika kubwa kwa siku 180 kisha kuhuishwa. Kama ofisi yako haina seva hiyo, kuna mtu amepachika programu ya kughushi ndani ya mashine. Programu hizo hukutaka uzime kinga ya virusi ili zikae, na hapo tayari umeshampa mgeni ufunguo wa mlango. Mashine kama hiyo usiipandishe toleo. Ifute yote, nunua leseni, sakinisha upya.

Office ipi?

Njia ziko tatu, na ofisi moja inaweza kuchanganya.

*Microsoft 365* hulipiwa kwa mwezi au mwaka kwa kila mtu. Inafaa pale mnapotumia barua pepe yenye jina la kampuni na mnahariri faili moja watu kadhaa. Malipo yakikatika, programu zinabaki za kusoma tu. Weka tarehe ya malipo kwenye kalenda ya mhasibu, usiiweke kwenye kadi binafsi ya meneja.

*Office 2024* hununuliwa mara moja kwa kompyuta moja. Kwa ofisi ndogo ya barua na majedwali ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu gharama yake inajulikana hadi 2029. Nunua Home & Business, ambayo ina Outlook na ruhusa ya kazi za biashara.

*LibreOffice* ni ya bure, na ni halali kwa biashara. Inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Kabla ya kuamua, ifungulie barua yenu yenye nembo, mkataba mrefu wenye jedwali, na ile faili ya mishahara. Zikikaa sawa, wape wasaidizi na watu wa mapokezi. Ingia kwenye mipangilio uiambie ihifadhi kwa mfumo wa Word moja kwa moja, la sivyo utapigiwa simu na wateja wanaoshindwa kufungua viambatisho.

Wenye steshenari wasikilize hapa. Publisher haimo ndani ya Office 2024, na Microsoft inaiondoa kabisa Oktoba 2026. Baada ya hapo wa Microsoft 365 hawataweza kufungua faili zake. Kama kadi za michango ya harusi, vyeti vya mahafali na ratiba za misiba zimekaa kwenye faili za .pub, anza leo kuzihifadhi kama PDF, na zile mnazozihariri mara kwa mara zitengenezwe upya kwenye Word au PowerPoint.

Bakapu, na ufunguo unaosahaulika

Nakili vitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili tatu au nne kutoka kwenye diski hiyo ukitumia kompyuta nyingine. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu. Zaidi ya Desktop na Documents, tafuta folda ya data ya programu ya hesabu, faili za Outlook zenye mkia wa .pst, folda ya skana, na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.

Sasa jambo ambalo limewafungia watu nje ya kompyuta zao wenyewe. Ukisakinisha Windows 11 upya kuanzia toleo la 24H2 na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inasimbwa yenyewe kwa BitLocker, hata kwenye toleo la Home. Ni jambo jema kompyuta ikiibwa. Lakini ufunguo wa akiba hutunzwa kwenye akaunti ile iliyotumika kuingia. Mara nyingi hiyo ni barua pepe binafsi ya kijana aliyekuwepo siku hiyo. Mwaka unapita, kijana ameacha kazi, BIOS inasasishwa, na asubuhi skrini ya buluu inadai tarakimu 48. Hakuna fundi wa kuzikisia.

Fanya hivi:

1. Fungua akaunti moja ya Microsoft ya ofisi, kwa barua pepe ya ofisi na namba ya simu ya ofisi. Itumie hiyo kusakinishia kila mashine.
2. Baada ya kusakinisha, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`. Tarakimu 48 zitatokea katika makundi manane ya sita sita.
3. Ziandike pamoja na jina la mashine. Karatasi moja ikae kwenye sefu, nyingine mahali tofauti. Isikae ndani ya kompyuta hiyohiyo.
4. Kabla ya kusasisha BIOS, simamisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -disable C:`, kisha urudishe kwa neno `-enable`.

Na huenda kusasisha BIOS kukahitajika safari hii. Vyeti vya Secure Boot vilivyotolewa mwaka 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, na vipya huingia kupitia masasisho ya Windows na ya mtengenezaji wa kompyuta.

Siku ya kuhama

Usichague wiki ya kufunga mwezi, wala siku za kuelekea tarehe 20 ambapo ritani za VAT hudaiwa. Jumamosi inafaa, umeme ukiwa wa uhakika. Kompyuta za mezani ziwe kwenye UPS.

1. Anza na mashine moja tu, isiyo ya kaunta. Iache ifanye kazi halisi mpaka ipite mzunguko mzima: ankara, risiti, mishahara, ritani.
2. Pakua faili ya usakinishaji mara moja kutoka tovuti ya Microsoft. Ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo iweke kwenye flashi ya GB 8 na uitumie kwa mashine zote badala ya kila moja kumaliza bando.
3. Chomoa printa, nyaya na vifunguo vya USB, acha kibodi na mausi.
4. Fungua flashi ukiwa ndani ya Windows 10, bonyeza setup, chagua kubakiza faili na programu.
5. Ikimaliza, endesha Windows Update mpaka iseme hakuna kilichobaki.
6. Rudisha vifaa kimoja kimoja, ukijaribu kila kimoja. Chapisha risiti halisi. Ukurasa wa majaribio wa printa hauthibitishi kitu.
7. Angalia OneDrive. Inaweza kuwa imeanza kuhamishia Desktop na Documents mtandaoni, na nafasi ya bure ni GB 5 tu. Amua wewe kama unaitaka.

Una siku 10 za kurudi Windows 10 kama mambo yameharibika. Kwa mashine ya majaribio siku hizo hazifiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo ziongeze mapema, zikiwa hazijaisha: `dism /online /set-osuninstallwindow /value:30`. Usifute folda ya Windows.old katika kipindi hicho.

Jumatatu asubuhi: malalamiko utakayoyasikia

"Folda ya pamoja haifunguki." Hili ndilo kubwa. Windows 11 Pro tangu toleo la 24H2 inakataa kuingia kama mgeni bila nenosiri kwenye folda za mtandao, na inadai mawasiliano yenye sahihi ya kidijitali. Ofisi nyingi zina kompyuta moja yenye folda iliyo wazi kwa kila mtu, au kisanduku cha zamani cha kuhifadhia faili. Mtandaoni utakuta maelekezo ya kuzima ulinzi huo, yaache. Tengeneza jina la mtumiaji na nenosiri kwenye mashine yenye folda, uwape watu. Kama ni kisanduku, kisasishe programu yake ya ndani. Skana inayotuma nakala kwenye folda nayo inahitaji nenosiri hilo.

"WordPad imekwenda wapi?" Imeondolewa. LibreOffice inaziba pengo hilo.

"Kitufe cha Start kimehama." Kinarudi kushoto kupitia mipangilio ya taskbar. Ni sekunde kumi, na utapendwa.

Mashine isiyoweza kuhama

Kwa biashara, Microsoft inauza masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inakuwa maradufu kila mwaka, hadi Oktoba 2028. Ukijiunga mwaka wa pili unalipia na wa kwanza. Kwa mashine moja inayoendesha kifaa cha mamilioni, lipa. Kwa kompyuta ya kuandikia barua ni hasara. Weka Linux Mint na LibreOffice, GB 4 za RAM zinatosha, au Ubuntu 24.04. Mashine inayohudumia kifaa kimoja na isiyohitaji intaneti ichomolewe kwenye mtandao, faili ziingie kwa flashi iliyokwisha kukaguliwa.

> KABLA HUJASEMA UMEMALIZA
> ☐ Kila mashine ina toleo lililoandikwa kwenye daftari, na tarehe yake ya mwisho
> ☐ `slmgr /xpr` imesomwa kwenye kila moja
> ☐ Tarakimu 48 za kila diski ziko sehemu mbili
> ☐ Akaunti ya kusakinishia ni ya ofisi, si ya mtu
> ☐ Risiti halisi imetoka, na mishahara ya mwezi mmoja imepita
> ☐ Faili za .pub zimegeuzwa
> ☐ Diski za kompyuta zinazouzwa au kugawiwa zimefutwa kabisa. Kutupa faili kwenye kapu la takataka hakutoshi. Diski isiyowaka tena haifutiki, kwa hiyo itolewe na kutobolewa kabla mashine haijatoka mlangoni